Sanduku la vifaa vya nyumbani: nianze na nini, na kwa nini kila kitu kinashika kutu?

#1 BiFuoni
Asalaam aleikum wana jukwaa. Tumehamia nyumba yetu Fuoni, hapa Unguja, ya matofali, haijamalizika lakini tunaishi. Mume wangu kazi yake baharini, watoto bado wadogo, na haipiti wiki bila kitu kuharibika. Sasa hivi mfereji wa jikoni unadondoka usiku kucha, mlango wa uwani umeshuka unakwaruza sakafu, na plagi ya pasi inatoa harufu ya kuungua. Fundi nikimpigia ananiahidi, kunakucha kunakuchwa simwoni, na akija nalipa nauli na ufundi kwa kazi ya dakika kumi. Nimeamua niwe na sanduku langu. Si la fundi, la mwenye nyumba.

Nina masuali mawili. La kwanza, kwa pesa ya vitu vichache tu, nianze na vipi? La pili linaniumiza zaidi. Baba, Mungu amrehemu, aliniachia koleo na bisibisi mbili. Nimezihifadhi kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, ndani ya stoo, juu ya rafu. Hazijaguswa na tone la maji. Juzi nafungua, zote nyekundu kwa kutu na koleo halipanuki. Kwa nini?

#2 Mtambo_Amani
Waaleikum salaam dada. Usinunue yale masanduku ya vipande mia na kitu yanayopangwa mbele ya maduka. Nusu ya vilivyomo hutavigusa, na bisibisi zake ni chuma laini, ukikaza skrubu ngumu mara mbili tatu ncha inaviringika. Nunua kimoja kimoja, kizuri. Kwa nyumba yako ningeanza na koleo lenye makali ya kukatia waya na mpini wenye mpira usiopasuka, bisibisi ya nyota na ya bapa za ukubwa wa kati, tesita, spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo) ya inchi 10, nyundo yenye makucha ya kung'olea misumari, futi ya mita 5, tepu nyeupe ya bomba, tepu nyeusi ya umeme, na washa za mpira za nusu inchi. Basi. Msumeno na drili vitakuja siku kazi itakapovidai.

#3 MzeeMalindi
Ongeza tochi ya kuvaa kichwani, mwanangu, na iwe ya kwanza kununuliwa. Tuliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme wa kutoka bara, tulijifunza kufanya kazi gizani. Mkono mmoja una spana, wa pili umeshika bomba, tochi utaishika na nini?

#4 Karafuu_Chake
Suali la pili lina jibu fupi: chumvi ya hewani. Sisi ni watu wa visiwa, upepo wote unatoka baharini. Hata ukivifungia kabatini, chumvi inaingia. Chuma chochote kisichopakwa kitu kitaliwa.

#5 Jambiani_Kwetu
#4 mimi nakaa Jambiani, kusi ikivuma madirisha yanakuwa meupe kwa chumvi. Nondo za dirisha la mbele nazibadilisha mara kwa mara. Lakini Fuoni ni ndani, si ufukweni. Kama chumvi ndiyo sababu peke yake, koleo langu mimi lingekuwa vumbi zamani. Lipo, linafanya kazi, nimelirithi kwa ami yangu.

#6 Mwalimu_wa_Kemia
Nyote mna nusu ya jambo. Chuma kikipata oksijeni na maji kinashika kutu, na chumvi inaharakisha. Lakini chumvi ina tabia nyengine: hunyonya maji ya hewani yenyewe, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Kwetu usiku unyevu huo unafika na kupita, na masika ndiyo kabisa. Kwa hiyo koleo likiwa na chembe za chumvi juu yake, halihitaji kunyeshewa. Linatengeneza maji yake lenyewe kila usiku. Na chumvi si lazima itoke baharini. Jasho la mkono lina chumvi ya kutosha. Dada ulizishika, ukazipangusa, ukazifungia?

#7 Bati_na_Boriti
Ngoja. Mtu hajauliza stoo ina dari au bati tupu. Stoo isiyo na dari mchana inakuwa tanuri, alfajiri bati linapoa na hewa ya ndani inatoa jasho. Nimeona kwa macho yangu matone yanadondoka kutoka kwenye bati siku isiyo na mvua. Sanduku la plastiki lililo karibu na bati linafanya vivyo hivyo ndani yake, kifuniko kinalia machozi juu ya vifaa. Hapo plastiki ndiyo mbaya kwa sababu haipumui.

#8 BiFuoni
Ahsanteni. #6 ndiyo, nilizipangusa kwa mkono na kitambaa kikavu nikaziweka. #7 stoo haina dari, bati tupu, na rafu ni ya juu.

Lakini kuna jambo sikulisema. Tulipokuwa Magomeni kwa mama, koleo hilo hilo lilikuwa linaning'inia jikoni kwenye msumari, waziwazi, miaka na miaka, na halikushika kutu. Jiko lenyewe la makaa, moshi na mvuke wa vyungu kutwa. Kwa hesabu zenu zote, jikoni kwa mama ndiko lingeliwa. Mnielezee hilo.

#9 Shoga_wa_Kikwajuni
Mbona rahisi shoga yangu! Jikoni kwa mama kulikuwa kunakaangwa. Samaki, sambusa, bajia. Mvuke wa mafuta ya kukaangia unaganda kwenye kila kitu, hebu pitisha kidole juu ya kabati lolote la jikoni. Koleo lilikuwa linapakwa mafuta kila siku na hakuna aliyejua.

#10 Jambiani_Kwetu
Au lilikuwa linatumika. Kitu kinachotumika hakishiki kutu, kinasuguliwa. Kilichofungiwa ndicho kinacholiwa.

#11 Bati_na_Boriti
Au hewa ilikuwa inapita. Msumarini linakauka, sandukuni halikauki. Mimi sitoki hapo.

#12 Mtambo_Amani
Dada, rafu hiyo ya stoo ina nini chengine juu yake?

#13 BiFuoni
Makopo ya rangi, mfuko wa saruji uliofunguliwa, maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, na chupa ya dawa ya kusafishia choo, ile kali inayotoa moshi.

#14 Mwalimu_wa_Kemia
Subhanallah. Iondoe leo, na kabla ya vifaa fikiria watoto. Dawa ya choo yenye moshi ni asidi, na huo moshi unapita kwenye kifuniko chochote kisichobana. Klorini nayo inakula chuma. Na viwili hivyo visikae pamoja hata kidogo, vikimwagikiana vinatoa gesi ya sumu. Kwangu mimi suali la kutu limekwisha hapa.

#15 Bati_na_Boriti
Halijaisha, mwalimu. Kama moshi wa asidi ndio uliokula koleo, makopo ya rangi yaliyo jirani yangekuwa yametoboka. Dada, makopo yana hali gani?

#16 BiFuoni
Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Makopo yana kutu kwenye ukingo wa kifuniko tu, kwengine mazima. Chupa za asidi na klorini nimezitoa, nimezitenga mbalimbali na nimezifungia.

#17 Karafuu_Chake
Makopo yamepakwa rangi na bati lake lina madini juu yake. Huwezi kuyalinganisha na koleo tupu.

#18 Mama_Plamba
Jamani mnajadili kutu na mfereji wa mwenzenu unadondoka usiku kucha. Nafanya kazi za mabomba na baba yangu tangu nimemaliza skuli, nisikilizeni.

Funga koki kuu kwanza. Kama huijui iko wapi, leo leo itafute, ni muhimu kuliko sanduku lote. Maji yako yakitoka tangi la juu, funga koki ya tangi. Halafu fungua mfereji umalize maji yaliyomo. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu ndogo ikidondoka humo huipati tena. Ng'oa kile kifuniko kidogo cha juu cha kishikio kwa ncha ya bisibisi bapa, chini yake kuna skrubu, itoe, kishikio kinatoka. Sasa unaona nati kubwa ya shaba. Usiikamate kwa spana tupu, viringishia kitambaa usiichune. Legeza. Kitatoka kijiti chote, na mwishoni mwake utaona washa ya mpira, imechimbika duara katikati kama imeumwa. Hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Toa, tia mpya ya ukubwa ule ule, na kabla ya kurudisha tia kidole ndani ya mfereji upapase kile kiti inachokalia washa. Kikiwa na mikwaruzo, washa mpya itadondosha tena baada ya muda mfupi, na dawa yake ni kukisugua kiti kiwe sawa au kubadilisha mfereji.

Rudisha kwa mpangilio ule ule. Usikaze kwa nguvu zako zote. Watu wengi wanaharibu washa kwa kukaza, kila siku wanaongeza nguvu wakidhani wanazuia maji.

#19 Pemba_Peo_Mtambwe
Maelezo mazuri Bi Plamba, ila ongeza kwamba si mifereji yote ina washa. Hii ya kisasa ya kuzungusha robo mara, au ya kunyanyua kishikio kimoja, ndani ina visahani vya kauri. Ukiifungua ukatafuta washa hutaipata, unabadilisha kile kiini kizima, na lazima uende nacho dukani maana saizi zinatofautiana.

#20 Mama_Plamba
Kweli kabisa #19. Na kwa wote, ile tepu nyeupe, izungushe kufuata upande wa kukazia. Ukiizungusha kinyume, ukikaza inajikunjua na bomba linavuja. Mafundi wachanga wote wanaangukia hapo.

Maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana birika zinaganda ukoko mweupe. Mfereji ukitoa maji kidogo, kabla ya kuita fundi fungua kichujio cha mdomoni, kiloweke kwenye siki usiku mmoja, asubuhi kisugue kwa mswaki mkongwe.

#21 BiFuoni
Mungu akulipe. Mfereji wangu ni wa zamani wa kuzungusha. Nimenunua washa, kesho asubuhi watoto wakienda skuli nafanya. Plagi je?

#22 Waya_Mlandege
Plagi usiitumie tena mpaka uifungue. Harufu ya kuungua kwenye plagi ya pini tatu mara nyingi ni skrubu iliyolegea ndani, waya unagusa nusu, unapata moto. Itoe ukutani, fungua. Ukiishika huku pini ya peke yake iko juu na wewe unatazama ndani, waya wa moto (unaoleta umeme) uko kulia kwenye fyuzi, niutro (unaourudisha) kushoto, athi (wa ardhini) juu. Rangi za sasa ni kahawia kulia, buluu kushoto, kijani na manjano juu. Nyumba na vyombo vya zamani utakuta nyekundu ni moto, nyeusi niutro. Kata ile shaba iliyoungua mpaka uone shaba inayong'aa, vua ganda upya, kaza vizuri, na kile kibanio kibane ganda la nje la waya, si nyaya ndogo za ndani. Plastiki ikiwa imeyeyuka, tupa, nunua plagi nyengine.

Na angalia soketi ya ukutani. Kama matundu yake meusi au plagi inacheza ikiingia, ugonjwa uko huko. Ukibadilisha plagi peke yake utarudi hapa na harufu ile ile. Soketi ya ukutani mwite fundi wa umeme mwenye leseni. Na mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, na vilivyo nyuma yake si vya kuguswa na mtu yeyote isipokuwa wenyewe shirika la umeme.

#23 Kijana_Bububu
Na fyuzi ya ndani ya plagi inalinda chombo kisiungue, kwa hiyo pasi tia 13, televisheni tia 5.

#24 Waya_Mlandege
Kaka'angu, fyuzi ya plagi inalinda waya kwanza, kabla ya chombo. Hesabu yake ni hii: wati ugawe kwa volti 230. Pasi ya wati 2000 inakula karibu ampea 9, kwa hiyo 13 ni sawa. Feni na televisheni za kawaida hazifiki wati 700, 3 inatosha. Tatizo la mtaani kwetu kila plagi ina 13, na wengine wanaviringisha ile karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara mahala pa fyuzi. Nimeziona kwa macho yangu, na nyumba zimeungua kwa hilo.

#25 Ustadhi_wa_Volti
Nina ugomvi na tesita mliyomtajia dada. Tesita ile ya bisibisi yenye taa ndogo inategemea umeme mdogo unaopita mwilini mwako kwenda chini. Ukisimama juu ya kiti cha mbao na viatu vya mpira mwanga unafifia, jua likiwaka huuoni kabisa, mtu anasema "hakuna umeme" anatia mkono. Na niutro ikikatika, tesita inawaka pande zote mbili, mtu anachanganyikiwa. Nunua mita ya kupimia, hata ndogo.

#26 Waya_Mlandege
Mita nzuri, sikatai. Lakini mtu asiyejua ataiweka kwenye kipimo kisicho sawa, apate sifuri, na yeye pia atie mkono. Tesita ina matumizi yake: ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, ikiwaka nenda kwenye unayoishuku, kisha rudi tena kwenye ile ya kwanza uhakikishe haijafa katikati. Na kabla ya kutia mkono zima swichi kuu, tesita iwe ya kuhakikisha tu.

#27 Ustadhi_wa_Volti
Bado nasema mita. Tusibishane mpaka asubuhi.

#28 Nyumba_ya_Shangani
Naomba niingize la Mji Mkongwe, maana orodha ya #2 ni ya nyumba za matofali. Sisi tunakaa ndani ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. Humo drili ya kugonga ni adui. Ukitia drili ikigonga, jiwe linameguka, unapata shimo la kikombe mahala pa tundu la skrubu, na mchanga unamiminika kama mtu kafungua mfuko. Toboa bila kugonga, anza na ncha nyembamba, panua taratibu. Ukikuta mchanga tu, sogea pahala pengine ukute jiwe. Kizito kama kabati la vyombo tusikitundike kwenye plasta, tukiegemeze.

Na katika sanduku letu kunatakiwa mwiko na ndoo ya chokaa iliyolowekwa, si saruji. Watu wanaziba nyufa kwa saruji kwa sababu inakauka haraka. Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini unakwama nyuma yake, chumvi inajikusanya, baada ya masika mbili tatu plasta yote inabanduka na kuchukua jiwe nayo. Mji wetu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na unaliwa na viraka vidogo vidogo vya saruji vya wenye nyumba wenye nia njema. Inaniuma kila nikipita vichochoroni.

#29 Block_Tisa
Sisi wa Michenzani tuna kinyume chake. Zege la miaka ya sabini, drili ndogo inalia tu inapata moto. Hapa bila ya kugonga huingii. Kwa hiyo #2 na #28 mnatoa ushauri wa nyumba zenu. Dada yeye wa matofali ya saruji yuko katikati, kugonga kidogo, na plagi za plastiki za ukutani, zile za kushikia skrubu, namba 6 au 8.

#30 MzeeMalindi
Kijana wa Block Tisa, ile drili yangu uliyoiazima kabla ya Ramadhani ndiyo inayolia hapo?

#31 Block_Tisa
Ami shikamoo. Kesho inshallah naileta.

#32 Shoga_wa_Kikwajuni
😂😂 Dada Fuoni, andika jina kwenye kila kifaa kabla jirani hajajua unalo sanduku. Rangi ya kucha haitoki kirahisi, mimi vyangu vyote vina doa jekundu mpinini. Nyundo yangu imezunguka mtaa mzima na imerudi.

#33 Karafuu_Chake
Turudi kwenye kutu, maana Pemba tuna dawa. Marehemu babu alikuwa anapaka mapanga na misumeno mafuta ya nazi kila baada ya kazi. Panga lake tunalo mpaka leo, linang'aa.

#34 Jambiani_Kwetu
Mafuta ya nazi yanaita sisimizi na mende, na yakikaa yanachacha. Mimi natumia mafuta ya cherehani. Membamba, hayanati.

#35 Kijana_Bububu
WD-40 jamani, mnahangaika bure.

#36 Mtambo_Amani
WD-40 inafukuza maji na inalegeza kilichokwama, kwa koleo la dada ndiyo hasa inayofaa kuanzia. Lakini ni nyepesi, inakauka, haikai kama mafuta. Ukishalegeza, pangusa, kisha paka cha kukaa: mafuta ya cherehani au grisi kidogo kwenye maungio.

Kuitoa kutu yenyewe, loweka koleo kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa waya wa kusugulia masufuria, lisuuze kwa maji yenye magadi kuua ile asidi, likaushe juani papo hapo, papo hapo lipake mafuta. Ukilisuuza ukaliacha, linarudi nyekundu kabla ya adhuhuri.

#37 Nungwi_Majahazi
Sisi tunaotengeneza majahazi vifaa vyetu vinakaa mchangani, mita chache kutoka majini, na havina masanduku. Tezo, keekee, patasi, vimefungwa gunia. Siri ni kazi na mafuta. Sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka chombo, mikono imejaa, kila kifaa kinapata. Sijawahi kuona tezo ya fundi anayefanya kazi ikiwa na kutu. Ya fundi aliyestaafu, ndiyo.

#38 Jambiani_Kwetu
Nilisema #10!

#39 Shoga_wa_Kikwajuni
Amesema mafuta pia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema, #9.

#40 BiFuoni
Wenzangu, taarifa. Mfereji nimeutengeneza. Washa ilikuwa imechimbika vile vile alivyosema Mama Plamba, na usiku wa jana nimelala bila kusikia tone. Plagi nimeifungua, skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea kabisa na shaba nyeusi. Nimekata, nimekaza, na soketi nimemwambia fundi wa umeme aje, matundu yake kweli meusi. Koleo liko kwenye siki. Bado mlango.

#41 Pemba_Peo_Mtambwe
Hongera bibie. Mlango: funga, tazama bawaba ya juu, ndiyo inayolegea kwa sababu inabeba uzito. Tia kabari ya mbao chini ya mlango unyanyuke mahala pake, usijaribu kuushika kwa mguu. Toa skrubu. Matundu yakiwa yamepanuka, jaza njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa pamoja na gundi ya mbao, acha zikauke, kata zilizobaki, kaza skrubu upya. Au tia skrubu ndefu zaidi zifike kwenye mbao nzima. Mlango wa uwani unapigwa na mvua, kwa hiyo ulizia skrubu za chuma cha pua au za shaba. Hizi za kawaida zenye rangi ya manjano hazimalizi masika.

#42 Mtambo_Amani
Na bisibisi ijae kwenye kichwa cha skrubu. Nyota ziko za aina zaidi ya moja, ikicheza usilazimishe, badilisha ncha. Kichwa kikishachunika kukitoa ni kazi ya siku nzima.

#43 BiFuoni
Vifaa niviweke wapi sasa? Nusu mnasema sanduku, nusu mnasema msumarini jikoni.

#44 Bati_na_Boriti
Msumarini, ila juu kabisa watoto wasifike. Ukitaka sanduku basi toboa matundu, litoe stoo, na chini tia vipande vya makaa makavu.

#45 Karafuu_Chake
Kafuri. Kipande kimoja ndani ya sanduku. Wazee walitia kwenye masanduku ya nguo na ya vyombo.

#46 Mwalimu_wa_Kemia
Tupime, badala ya kubishana. Dada anunue misumari mitatu ya pakti moja. Mmoja ndani ya sanduku la plastiki stoo, asidi imeshaondoka. Mmoja uning'inie jikoni. Mmoja stoo nje ya sanduku. Asivipake kitu. Baada ya masika atuletee picha.

#47 Nungwi_Majahazi
Misumari mipya ina mafuta ya kiwandani. Aioshe kwanza kwa sabuni.

#48 Shoga_wa_Kikwajuni
Na wa jikoni uwe wapi, karibu na karai la kukaangia au mbali? Maana hapo ndipo kesi yangu ilipo.

#49 Bati_na_Boriti
Basi iwe minne. Dada, wa nne utie kwenye sanduku lenye matundu, pahala penye dari.